Albamu iliyolala miaka 34

Huku Tunduma sisi tupo, vumbi lipo, malori yapo, na wale wabadilisha kwacha wapo palepale na vibunda vyao mkononi. Nawashukuru wote mlionisimamisha njiani kuniambia mmeisoma ile ya wiki jana, hata yule kaka wa Vwawa aliyenitukana kidogo. Nimekusikia kaka, yameisha.

Leo nina kisa cha mwimbaji aliyerekodi albamu akiwa na miaka 26, akaja kuiona ikitoka akiwa na miaka 60. Usiwe na haraka ya kugeuza ukurasa. Diamond yumo humu ndani, mwanarapa yumo, na yumo dada mmoja wa hapahapa Tunduma ambaye ndiye aliyenichokoza mpaka nikaandika haya.

Nianze na huyo dada. Jina lake kapuni, ameomba mwenyewe. Mchana anauza maji na mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya malori, Jumamosi anaimba na bendi za kukodiwa kwenye harusi. Sauti anayo, na sisemi hivyo kwa kumwogopa. Akiingia kwenye zilipendwa utaona wazee wanaweka chini vijiko. Basi juzi akanivamia karibu na stendi.

"We kaka, kila siku unawaandika watu wenye albamu. Sisi ambao albamu zetu zimefia kwenye kompyuta za watu zamu yetu lini?"

Nikamuuliza albamu gani tena hiyo. Akageuza ndoo, akakaa juu yake, akanisimulia. Mwaka 2018 alijikusanya, mama yake akauza cherehani kumwongezea, akaenda kurekodi kwenye studio moja mbali na hapa. Nyimbo nane. Akaingiza sauti zote nane ndani ya siku nne, ikabaki prodyuza kuchanganya sauti na yeye kulipa salio la shilingi laki mbili na nusu. Akarudi Tunduma kusaka salio. Lilipopatikana, mwezi wa nne, anafika anakuta mlango una kufuli, prodyuza kahama, simu haipatikani, na majirani wanamwambia ile kompyuta iliuzwa zamani. Nyimbo nane, sauti yake mwenyewe, na hana hata moja ya kumpigia mama aliyeuza cherehani.

"Ndio maana siku hizi siandiki nyimbo," akasema. "Naandika ili iweje?"

Jibu sikuwa nalo. Ila nikakumbuka kitu nilichokisikia ndani ya kabini ya lori.

Kabla kalamu hii haijaanza kunipa vijisenti nilikuwa na kibanda cha kurushia watu nyimbo kule Sogea. Kompyuta moja, spika moja, waya umefungwa kwa plasta ya hospitali. Madereva ndio waliokuwa wakiniweka mjini, maana foleni ya enzi hizo, kabla ya kile kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa 2019, ilikuwa inakushika mpaka unaota ndevu. Siku moja akaja dereva mtu mzima wa Afrika Kusini, anataka Bongo Fleva za kumpelekea binti yake, lakini kwanza nimnakilie nyimbo zake za zamani asije akazipoteza. Nikamfuata kwenye lori kuchukua flashi. Mle ndani kulikuwa kunaimba mama mmoja, taratibu mno, kinanda nyuma yake kikidondosha noti mojamoja kama bomba lisilofungwa vizuri.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, anko, huu si muziki wa kulalia? Akacheka. Akasema huyo ni Sathima Bea Benjamin wa Cape Town, na anayempigia piano ni Duke Ellington. Wote wawili nilikuwa siwajui. Usinicheke, na wewe labda umewajua sasa hivi.

Ellington, kwa faida yetu sisi tuliozaliwa juzi, alikuwa mpiga piano na kiongozi wa bendi wa Kimarekani, na kwenye jazz yeye ni kama Franco kwenye rumba. Ukisema umepigiwa piano na Ellington ni sawa na mtoto wa hapa kusema Franco alinikung'utia gitaa nikaimba. Sasa jiulize, mtu aimbe na Franco halafu wimbo uwekwe kabatini miaka 34. Nilipotoka mle kwenye lori sikulala. Nikaanza kusoma kila nilichokipata juu ya huyo mama.

Alizaliwa Johannesburg tarehe 17 Oktoba 1936, akakulia Cape Town kwa bibi yake. Jina lake la utoto ni Beatrice, wenyewe wakimwita Beattie. Hilo la Sathima alipewa ukubwani na mpiga besi mwenzake, Johnny Dyani. Makaburu walimweka kwenye fungu lao la machotara, na ukishawekwa fungu unajua basi la kupanda, mtaa wa kukaa na mlango wa kuingilia. Kuimba alikuokota redioni na kwenye majumba ya sinema, ambako kulikuwa na mashindano ya vipaji wakati wa mapumziko ya filamu. Akasomea ualimu, akafundisha. Mwaka 1957 akaondoka na kundi la maonyesho lililozunguka kusini mwa Afrika, likafulia njiani, akajikuta amekwama Msumbiji. Wasanii wa Tunduma mliowahi kuachwa Mpika na promota mnamwelewa.

Mwaka 1959 akakutana na mpiga piano aliyeitwa Dollar Brand, ambaye dunia leo inamjua kama Abdullah Ibrahim. Wakapendana, na mwaka huohuo akarekodi naye albamu, My Songs for You. Ingetoka, ingekuwa miongoni mwa santuri ndefu za kwanza kabisa za jazz nchini kwao. Haikutoka. Hiyo ni moja, ihesabu, kwa sababu watu wengi wakisimulia habari za huyu mama wanaanzia ile ya pili.

Machi 21, 1960 polisi wakaua watu 69 pale Sharpeville. Baada ya hapo hali ikawa noma, na wanamuziki waliozoea kuchanganyika weusi kwa weupe jukwaani wakawa wanatafutiwa sababu. Mwaka 1962 wapenzi hawa wakaondoka zao mpaka Zurich, Uswisi, baridi kali, mume akipiga na watatu wake kwenye klabu moja iliyoitwa Africana.

Februari 1963 Ellington akaja Zurich na bendi yake. Na hapa ndipo ninapompendea huyu mama. Hakukaa kusubiri. Alikwenda mwenyewe nyuma ya jukwaa, dada wa miaka 26 asiye na jina, akamganda bwana mkubwa mpaka akakubali kuja klabuni kumsikiliza mchumba wake. Nasema tena, MCHUMBA WAKE. Alikuwa anatafutia mwingine dili. Ellington alipofika, akasikiliza, akaridhika, halafu akamgeukia: na wewe je, unaimba? Akaimba.

Ellington wakati huo alikuwa na ruhusa ya kuleta wasanii wapya kwenye Reprise, kampuni ya santuri aliyoianzisha Frank Sinatra. Akawaita Paris wote wawili. Studio ileile, siku zilezile za mwisho wa Februari 1963. Mume akarekodi yake na wenzake Johnny Gertze wa besi na Makaya Ntshoko wa ngoma. Mke akarekodi yake, nyimbo kumi na mbili za mapenzi, na kwenye piano wakapokezana watu watatu: Ellington mwenyewe, msaidizi wake mkuu Billy Strayhorn, na mchumba. Wakamwongeza Svend Asmussen wa Denmark, mtu wa fidla, ambaye sehemu kubwa hatumii upinde kabisa, anaidonoa kwa vidole. Hicho kidonoo ukikisikia kwa mara ya kwanza unadhani kuna mtu anatembea juu ya bati kwa adabu.

Ya mume ikatoka 1964, tena na jina la Ellington limebandikwa juu kabisa ya jalada, Duke Ellington anamleta kwenu. Akawa mtu. Ya mke wakubwa wa kampuni wakaona haina biashara, ikawekwa pembeni.

Mimi hapo ndipo huwa nasimama. Mlango alifungua yeye. Walipoingia, mwenzake akapewa kiti, yeye akaambiwa asubiri barazani. Na sijasoma mahali popote kwamba alimnunia mume au alimlaumu Ellington. Mwaka 1965 walifunga ndoa London, na mwaka huohuo akapanda jukwaani na bendi ya Ellington kwenye tamasha kubwa la jazz la Newport, Marekani. Ingekuwa mimi ningekuwa nimeshaandika barua ya matusi kurasa nne.

Maisha yakaenda. Akazaa, akalea, akaimba palipopatikana nafasi. Mwaka 1976 walikuwa wamerudi kwao, akarekodi African Songbird, kisha Soweto ikalipuka, wakatangaza hadharani kuwa wako upande wa ANC na wakalazimika kuondoka tena, safari hii New York. Na mwaka 1979, akiwa amechoka kusubiri kampuni za watu, akaanzisha yake. Akaiita Ekapa, kule Cape Town, yaani nyumbani. Albamu zake nyingi zikapitia humo. Ile ya Paris aliamini imepotea moja kwa moja.

Sasa sikia. Miaka ya 1990 mwandishi mmoja wa Marekani, David Hajdu, alikuwa anaandika kitabu cha maisha ya Billy Strayhorn, kitabu kilichotoka 1996. Katika kuchimbachimba akamfikia Gerhard Lehner, fundi mitambo aliyeshika vishikizo siku ile Paris. Mzee Lehner alikuwa na nakala. Kanda mama ziliondoka na wakubwa zikapotelea huko, yeye alibaki na nakala yake, akaitunza miaka yote hiyo. Mwaka 1997 ikatoka kwa jina la A Morning in Paris, asubuhi moja Paris.

Strayhorn alikuwa amekufa 1967. Ellington 1974. Huyu mama wa miaka 60 alikaa akajisikiliza akiwa binti, na wawili kati ya waliompigia piano hawapo tena duniani. Mimi nimeisikiliza hiyo albamu labda mara thelathini, na kinachonikamata ni kwamba yule binti haimbi kama mtu anayetaka kumfurahisha mzungu wa kampuni. Haongezi sauti. Hana mbwembwe. Anaimba kama mtu anayeongea na mtu mmoja usiku na hataki kuwaamsha walio chumba cha pili. Labda ndiyo maana waliona haiuziki, na labda ndiyo maana miaka 34 haikuichakaza. Kitu kilichoshonwa kwa mtindo wa mwaka huchakaa na mwaka wake, uliza mtu yeyote aliyenunua suruali ya bwanga.

Serikali ya Afrika Kusini ilimpa nishani ya Ikhamanga mwaka 2004. Akarudi kuishi Cape Town 2011, akafariki hapo tarehe 20 Agosti 2013.

Mwanarapa niliyewaahidi ni huyu: Jean Grae, yule mchanaji wa New York mwenye mistari mikali, ni mtoto wa Sathima na Abdullah Ibrahim. Na huwezi kuamini, albamu ya Jean Grae na prodyuza 9th Wonder, Jeanius, ilirekodiwa 2004, ikavuja kabla haijakamilika, ikasotasota, ikaja kutoka rasmi 2008. Miaka minne, ukilinganisha na ya mama ni kama kwenda dukani na kurudi. Lakini nadhani mle nyumbani walikuwa na la kuongea mezani.

Utaniuliza, yote haya ya Paris na New York yanatuhusu nini sisi wa mpakani? Yanatuhusu kwa sababu makabati ya kulazia kanda hata sisi tunayo, tena makubwa.

Wazee wetu waliita jazz kila bendi yenye gitaa na tarumbeta: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz. Ukimsikilizisha mzee wa NUTA Jazz hiyo ya Sathima atakuuliza hawa wanacheza saa ngapi. Bendi hizo zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kwenye kanda zile za reli, wimbo unakwenda hewani, kanda inabaki redioni. Ukitaka santuri ya kushika mkononi uipeleke Nairobi ikachapwe. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Sasa fikiria Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, katikati ya kufuli hilo. Taifa zima linaimba nyimbo zao, na dukani huzikuti. Kilikuja kizazi kizima cha watu waliozijua kwa kuvizia kipindi, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kurekodi cha redio kaseti. Baadaye baadhi zilitolewa na kampuni za Ulaya na Marekani, kwa hiyo kuna wazungu walioinunua Sikinde dukani kabla ya shangazi yangu wa Mlowo. Mwaka 2012 kikundi cha Tanzania Heritage Project kilianza kuchangisha fedha ili zile kanda za redio zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Kanda inaoza, msomaji. Inanata, inatoa unga, na sauti inaondoka na ule unga.

Na hata wimbo ukisikika, mshiko ni habari nyingine. Mzee Muhidin Gurumo, sauti ya NUTA, ya Mlimani Park, ya Msondo, alipotangaza kustaafu 2013 alisema muziki haujampa hata baiskeli. Diamond Platnumz akasikia, akamzawadia gari mwaka huohuo. Watu walipiga makofi na mimi nikapiga. Lakini gari lilitoka mfukoni mwa kijana wa Tandale aliyeguswa, halikutoka kwenye zile kanda. Aprili 2014 mzee akafariki.

Haya yote nilimwaga kwa yule dada pale juu ya ndoo, mengine kwa pupa, tarehe nikizichanganya. Nilidhani atafurahi. Akaniangalia.

"Kwa hiyo unaniambia nisubiri nifike miaka sitini?"

Hapo nikajua nimeongea sana. Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mwanzo: siku ile studio, mbali na prodyuza, nani mwingine alikuwemo? Akafikiri. Akasema kulikuwa na kijana mmoja mdogo wa kutumwatumwa, anayeshika maiki, anayekwenda kununua chipsi, anayewasha jenereta umeme ukikatika. Jina analikumbuka, kwao Mlowo.

Mlowo si Paris. Jumamosi nikapanda kosta, nikauliza kijiwe cha bodaboda cha kwanza, cha pili wakanionyesha. Siku hizi anaendesha pikipiki, ana mke na mtoto. Akasema na yeye alidhulumiwa, alifanya kazi pale miezi sita bila mshahara, siku anaondoka akajilipa kwa kunakili midundo aliyoipenda kwenye flashi. Za yule dada anazo? Zipo, alimzimikia sauti. Ngapi? Akakuna kichwa. Flashi iliwahi kuingia maji.

Zimefunguka tatu. Mbili nzima, zenye sauti yake, chafu kidogo kwa sababu hazijachanganywa. Ya tatu ni mdundo mtupu, sauti yake haimo. Nyingine tano hazikukubali, nimejaribu kwenye kompyuta tatu tofauti.

Nilimpelekea Jumapili jioni. Zile mbili alizisikiliza kwa spika ya masikioni, amegeukia ukutani, sikuona uso wake. Akairudia ya kwanza. Akasema, "Nilikuwa na pumzi kweli." Halafu akaomba ule mdundo mtupu niuweke kwenye spika kubwa. Maneno akawa anayakumbuka yote, kasoro ubeti wa mwisho, akautunga palepale, na mimi naona ule mpya ni bora kuliko wowote. Honi moja ya lori iliingia katikati, haina neno. Nilirekodi kwa simu.

Nakala nimeweka tatu. Moja kwake, moja kwangu, moja tumempelekea mama wa cherehani, ambaye hana simu ya kupigia nyimbo, kwa hiyo kila Jumapili anakuja kibandani kwa jirani yangu wanampigia.

Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa. Na yule kaka wa Vwawa, ukinitukana tena, tukana polepole niweze kuandika.